Kiganja Kimoja Kutoka Uteo Wako

Jumamosi iliyopita nilipokea habari kubwa. Nilikuwa nimeketi nje ya nyumba yangu hapa Soy, nachambua mboga ya managu ya jioni, Sharon akafika na mtoto mgongoni na simu mkononi, akanitangazia kwamba njugu ni nzuri kwa afya. Ziko na protini, akasema. Ziko na mafuta yanayosaidia moyo. Zinashibisha, kwa hivyo mtu hazungukizunguki kutafuta mandazi saa nne asubuhi. Kiganja kimoja kwa siku, pamoja na chakula kingine cha maana, kinatosha.

Nilimshukuru sana. Mtu akishachambua njugu, akazikaanga na kuzisaga mjini Eldoret kwa miaka ishirini na tisa, kitu kimoja tu kinachobaki kumkosesha usingizi ni kutojua kama njugu ni nzuri.

Ninyi vijana mmegundua mengi, siwezi kuwanyima sifa. Mmegundua kwamba kutembea kwa miguu ni mazoezi. Sisi tulidhani ni kukosa nauli. Mmegundua uji wa wimbi, mnaunywa kwa mrija. Sasa mmegundua njugu, na kwa heshima mmezihamisha kutoka kwa gunia mkazitia ndani ya mtungi wa kioo wenye kifuniko cha mbao. Za kwetu za karanga mnaziona za kishamba, mnapendelea lozi zilizopanda ndege. Haya. Lozi ni nzuri, korosho ni nzuri, makadamia ni nzuri. Tumbo halisomi lebo.

Sharon si binti yangu wa kuzaa. Mama yake alikuwa Violet, rafiki yangu, ambaye tulichambua njugu naye benchi moja mpaka migongo ikafanana. Violet tulimzika kwao Bungoma mwaka juzi. Tangu hapo Sharon hunijia mimi na maswali ambayo angempelekea mama yake, na siku hiyo alikuwa na moja. Kliniki ilikuwa imemwambia mtoto wake wa miezi minane sasa anaweza kutiliwa njugu zilizosagwa laini kwenye uji. Alitaka nimpe njugu, kwa sababu, alisema, za kwangu anaziamini.

Hapo mikono yangu ilisimama juu ya managu. Kuna jambo kuhusu njugu na uji ambalo nilikuwa nimemficha Sharon tangu wakati yeye mwenyewe hajui kutembea. Nitawafikisha hapo. Kwanza mnivumilie kidogo, maana mtu akistaafu kinachobaki kufanya kazi ni mdomo.

Nilikuja Eldoret nikiwa msichana anayejua njugu, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yangu ya kwanza. Kwetu Bungoma njugu tunapanda, tunang'oa, tunachemsha, tunakaanga, tunasaga na kutia kwenye mboga. Kwa hivyo Mzee Njoroge aliponiuliza kama najua kukaanga, nilimwonea huruma. Mzee huyu alitoka upande wa Murang'a. Mbele alikuwa na duka, na nyuma ya duka alikuwa na ua wenye makarai matatu, kinu cha kusagia na benchi refu la wanawake wa kuchambua. Alinipa karai moja, akarudi dukani.

Nilikaanga jinsi mtu yeyote mwenye akili angekaanga: nikangoja njugu ziwe kahawia, nikaepua, nikamwaga kwenye sinia nikiwa nimeridhika na nafsi yangu. Nikiwa bado nimeridhika, zikaendelea kuiva zenyewe pale kwenye sinia mpaka zikawa nyeusi. Mzee Njoroge alikuja, akatafuna moja, akaitema.

"Wewe msichana, njugu haimalizi kuiva kwa moto. Inamaliza ikishatoka," aliniambia.

Shikeni hilo, ninyi mnaokaangia video. Mchanga wa kukaangia uchekechwe, upate moto kwanza. Koroga bila kupumzika. Njugu zitaanza kulia, kisha zitanyamaza. Zikinyamaza, chukua moja uisugue na kidole. Kama ganda la juu linateleza na ndani bado ni nyeupe inayotaka kugeuka, epua na utandaze papo hapo. Mtu akikusalimia wakati huo usimjibu. Atakasirika, lakini hasira ya mtu hupoa, njugu iliyoungua hairudi kuwa mbichi.

Adhabu yangu ilikuwa kula kiganja cha zile nilizounguza, mbele ya benchi zima. Sikujua kwamba huo ndio ulikuwa utaratibu wa mahali pale, na kwamba ningekula mbele ya watu kila siku ya kazi. Kabla uteo wowote, ule ungo wa kuchambulia, haujamwagwa kwenye karai, aliyeuchambua alifumba macho, jirani yake akatia mkono popote apendapo ndani ya uteo ule, akachota kiganja kimoja, na aliyechambua akazila hizo njugu mbichi zote, moja moja. Ukionja uchungu, uteo mzima unarudiwa. Mzee alisema mteja hana macho ndani ya mfuko, kwa hivyo meno yetu ndiyo macho yake.

Jirani yangu benchini alikuwa Violet, na Violet hakuwa na huruma. Alikuwa akijua ni kona gani ya uteo niliichambua nikipiga domo, na huko ndiko mkono wake ulikwenda moja kwa moja. Siku moja nilimwambia jino linaniuma. Aliniambia nina upande mwingine wa mdomo.

Tulichokuwa tukitoa ni hiki: njugu yenye ukungu, wa kijani au mweusi, hata kama ni alama kidogo, iliyonyauka, iliyobadilika rangi, iliyotobolewa na mdudu, iliyoanza kuota. Hizo zote ziliingia kwenye ndoo ya bluu iliyokaa mlangoni, na jioni ndoo hiyo ilimwagwa motoni. Hiyo ilikuwa sheria ya pili ya Mzee Njoroge. Ile ya kwanza, ya kula kiganja, niliiheshimu maisha yangu yote. Hii ya pili ndiyo nitakayoieleza, lakini acheni kwanza niwape kisa cha karani mmoja wa Cheptiret, maana sitaki mfikirie kazi yetu ilikuwa msiba mtupu.

Karani huyu alikuwa mtu mzuri mwenye tumbo la cheo. Daktari alimwambia njugu zinasaidia moyo. Ijumaa iliyofuata alikuja akachukua gorogoro nzima, kopo la kilo mbili, ya zile za chumvi, na Ijumaa baada ya hiyo akachukua nyingine. Alikuwa akila mezani kwake ofisini tangu asubuhi, akiteremsha na soda. Baada ya miezi michache alirudi akiwa amekasirika, presha imepanda na suruali imekataa kufunga, akisema tunauza njugu feki.

Mzee Njoroge alimkaribisha kiti, akamuuliza kwa upole daktari alimwambia ale njugu badala ya nini.

"Badala? Mimi sikutoa kitu," karani akajibu. "Niliongeza tu."

Basi huyo ndiye babu yenu wa kiroho, ninyi mnaoamini chakula kizuri kikirundikwa juu ya kibaya vitapatana huko ndani. Njugu ina mafuta. Ni mafuta mazuri, lakini hayajui kujizuia kuwa mafuta. Kiganja kimoja, na kiwe mahali pa mandazi, si karibu na mandazi. Bila chumvi ukiweza. Na zisiwe peke yake: ugali uwepo, sukuma au kunde ziwepo, maharagwe, yai siku ukiwa nalo, ndizi au embe. Mtoto mdogo asipewe njugu nzima, atasakamwa, msagie. Na yule anayevimba midomo akila, msimwambie anajidekeza. Mwili wake umekataa, na mwili ukikataa hauombewi radhi.

Sasa ndoo.

Baada ya miaka kadhaa Mzee Njoroge alizeeka, akawa anakaa zaidi mbele dukani, na mimi nikawekwa kuwa mkubwa wa benchi. Cheo changu kilikuja na ufunguo wa ua na ile kazi ya kuchoma ndoo jioni. Na mimi, mwanamke wa Bungoma, kuchoma chakula kulinishinda. Kila jioni nilikuwa nikisimama na ndoo mbele ya moto nikisikia sauti ya mama yangu ikiniuliza kama nimerogwa. Njugu nusu ni nzuri, nilijiambia. Ina doa tu. Kwetu hata ganda lina kazi.

Nikapata akili, ile akili ambayo huja ikiwa imevaa nguo za huruma. Nikawaambia wanawake wa benchi kwamba mwenye kuku achukue, mbovu za watu ni karamu ya kuku. Walifurahi, wakaniita mama mwenye roho safi. Mimi nilikuwa nikiishi Langas na kuku wangu, nikachukua zangu. Violet naye akawa anachukua zake kwenye mfuko wa karatasi, siku moja, kisha siku nyingine, kisha kila siku. Mzee hakujua. Sikumwambia, na sababu ya kutomwambia ni kwamba nilijua angesema nini.

Mwaka huo mvua ilikuja wakati wa kuanika, na magunia yaliyotufikia yalikuwa na joto ndani ukiingiza mkono. Ndoo ya bluu ilikuwa ikijaa kabla ya saa sita.

Wakati huo huo Sharon alikuwa mgonjwa. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu, surua ilikuwa imempitia na kumwacha mwepesi, na kliniki ilimwambia Violet amsagie njugu kwenye uji, zitamjenga. Violet alikuja kazini akiimba. Kati ya wazazi wote waliopewa ushauri huo siku ile, yeye ndiye aliyefanya kazi kwenye njugu. Tulimpigia makofi. Lakini wiki zikapita na mtoto hakujengeka. Alipungua. Tumbo lilitangulia, mikono ikabaki nyuma, na kila asubuhi nilipomuuliza Violet, alisema bado anakula uji vizuri, asante Mungu.

Mnaona tayari. Kila mtu ninayemwambia huona tayari. Mimi niliyekuwa pale, mkubwa wa benchi, mwenye ufunguo, sikuona.

Vifaranga vyangu ndivyo vilivyoanza kufa. Vitatu, kisha vitano, kisha kuku mama mwenyewe akakaa kwenye kona na mabawa chini. Nililaumu kideri, ule ugonjwa wa kuku. Nililaumu jirani mwenye jicho baya. Mwishowe nilikwenda kwa muuza dawa za mifugo kununua dawa ya kideri, na yeye, badala ya kuniuzia, akaniuliza kuku wanakula nini. Nilimweleza kwa majivuno kidogo. Aliniambia ukungu wa njugu una sumu, inakula ini, na hakuna dawa kwenye duka lake itakayosaidia kuku anayelishwa hiyo. Nikamuuliza kama nikizikaanga vizuri kwanza. Akasema hata moto wa kukaanga hauimalizi hiyo sumu, chumvi nayo ni kuipa ladha tu.

"Na kama kuna mwingine unampatia, mwambie aache," akasema.

Nilitoka nikihesabu wanawake wangu. Huyu ana kuku, huyu ana bata, huyu kaka yake ana nguruwe. Nikafika kwenye jina la Violet, hesabu ikagoma. Violet alikuwa akiishi mtaa wa West Indies, hapo hapo Eldoret, chumba kimoja ndani ya ploti, mlango wake ukitazama kamba ya nguo. Violet hakuwa na kuku. Hakuwa na mahali pa kuweka hata yai.

Sikumbuki njia niliyopita. Nakumbuka nilifika bila kubisha hodi, na Violet alikuwa kwenye kigoda, Sharon mapajani, kikombe cha uji mkononi. Uji ulikuwa na rangi nzuri. Mtoto macho yake yalikuwa ya manjano. Nilimnyang'anya kikombe nikamwaga mlangoni, na Violet alinitazama kama mtu aliyerukwa na akili, kwa sababu hakuna mtu mwenye adabu anayemwaga chakula cha mtoto.

Nikamuuliza njugu anatoa wapi.

"Si zile za ndoo," akasema. "Lakini nachagua zenye ziko afadhali. Nakaanga sana, naweka chumvi. Wewe ndio ulisema tuchukue."

Nilikuwa nimesema.

Tulimpeleka Sharon hospitali siku hiyo hiyo, tukipokezana kumbeba. Mhudumu aliyetusikiliza hakutugombeza, na ningependa angetugombeza. Alisema ini la mtoto limeumia, atakaa wodini, na mengine tutaona. Mmelisikia hilo neno, tutaona. Kwa siku nyingi tuliona. Nilikuwa nikifika kila nikitoka kazini, nikisimama mwisho wa kitanda, nikiahidi Mungu vitu ambavyo hakuniomba. Niliogopa mtoto afe, na niliogopa zaidi kwamba akifa Violet atanisamehe.

Hakufa. Alikaa, akapata nafuu, akarudi nyumbani, akachelewa kutembea, akatembea. Nayasema haraka kwa sababu hayakuwa haraka.

Mzee Njoroge nilimwambia mwenyewe. Nilitarajia kufukuzwa, nilikuwa nimefunga hata vitu vyangu kwenye leso. Aliniuliza kitu kimoja: ile ndoo, nani alikuwa akila kiganja chake? Nikasema hakuna. Akasema basi hapo ndipo ningejua haifai kuliwa. Hakunifukuza. Tangu wiki hiyo kila mwanamke wa benchi alikwenda nyumbani Jumamosi na kikombe cha njugu zilizochambuliwa, zile nzuri, za watoto wake, na Mzee alisema ni aibu yake kwamba mtu anayeshika njugu mchana kutwa alilazimika kubeba mbovu. Ndoo nikaichoma mimi, kila jioni, mpaka siku ya kustaafu. Sauti ya mama yangu iliendelea kuuliza. Nilimwacha aulize.

Violet hakumwambia Sharon. Tulikubaliana bila kukubaliana. Sharon alikua akijua kwamba alipokuwa mdogo aliugua surua, na kwamba mimi ni mama anayempenda kupita kiasi. Alikuwa akinicheka jinsi ninavyomkagua macho kila akija.

Kwa hivyo rudini nami Jumamosi iliyopita. Sharon ameketi, mtoto ameshuka mgongoni anavuta majani ya managu, na mimi nimeleta uteo na njugu. Nikaanza kuchambua. Akaniambia nisijisumbue, zinaonekana safi, na tena kuna unga wa lozi umefungwa vizuri kwa supamaketi, angechukua huo kama ningechelewa. Nikamwambia huo unga hujui nani aliuchambua wala kama alikula. Akacheka. Nikamwambia asicheke, nikamweleza yote. Ndoo, kuku, kikombe, macho ya manjano. Sikujipunguzia.

Hakulia wala hakunifariji. Alimvuta mtoto wake karibu.

"Mathe alijua?" akauliza.

"Mama yako alijua ni mbovu kidogo. Hakujua ni sumu. Mimi niliambiwa nichome, na nikajua kuna sababu, na sikuchoma."

Aliangalia uteo. Mimi nilikuwa nimemaliza kuchambua. Nne mbaya zilikuwa kando, juu ya jiwe. Alizichukua, akasimama, akaenda kuzitupa kwenye makaa ya jiko langu, akangoja mpaka zishike moto. Akarudi, akachuchumaa mbele yangu.

"Hii uteo ni nani amechambua?"

"Ni mimi."

"Funga macho."

Nilifumba. Nikasikia mkono wake ukiingia kwenye njugu, si juu, ukizama mpaka kwenye kona ya chini, pale pale ambapo mama yake angekwenda. Akanijaza kiganja. Nilizila moja moja, mbichi, na meno niliyobaki nayo, na yeye hakusema nikomee wapi. Nilipofungua macho alikuwa bado ananitazama mdomo. Nilimwonyesha ulimi, mtupu.

Ndipo alipofungua mfuko wake na kuushikilia chini ya uteo, nimimine.